Jezi ya Wageni

Mwenyekiti alinitazama usoni, akamgeukia polisi, akasema kwa Kichina, “Bu renshi.” Simjui.

Kichina changu ni cha sokoni. Najua bei gani, najua punguza, najua hakuna, na hilo la simjui nalijua kuliko yote, kwa sababu ndilo tulilokuwa tukijibiwa kwenye karakana za Xintang tukienda kumuulizia fundi aliyetoroka na oda zetu za jinzi. Kwa hiyo asije mtu leo akaniambia nilisikia vibaya. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye mstari ukingoni mwa uwanja wa mpira, jezi ya kijani kibichi kifuani, pasipoti sina, na mtu pekee ambaye neno lake lingeniinua pale alikuwa amesimama mbele yangu na tarumbeta ya plastiki kwapani. Mtu huyo tumezaliwa mji mmoja, mitaa inayotazamana. Kwenye harusi yake mimi nilibeba viti.

Simjui.

Polisi akanyoosha kidole kuelekea kwenye basi. Nikaenda kupanda na Wanaija, kama tulivyozoea kuwaita Wanigeria, na mmoja wao akanisogezea nafasi dirishani. Nje, watu wa mji wangu walikuwa wanakunja bendera.

Sasa nirudi nyuma, maana najua kuna watu watasema alikuwa na sababu. Sababu alikuwa nayo. Ngoja niieleze mimi mwenyewe, kabla hajaipamba yeye.

Mji wetu uko bara, na reli ndiyo iliyouzaa. Una timu mbili za mpira. Moja ni Stesheni, rangi yake damu ya mzee, na mimi nimezaliwa humo kama mtu anavyozaliwa na pua yake. Nyingine ni Sokoni, hao wa bluu. Sijui nikuelezeje mtu wa mbali. Kwetu mwanaume wa Stesheni akienda kuposa nyumba ya Sokoni, baba mkwe huuliza kwanza watoto wakizaliwa watavaa nini. Kuna fundi rangi mmoja alipaka mlango wa kanisa bluu, ibada ikahamia chini ya turubai mpaka mlango ulipokwanguliwa. Nasikia miji mingine watani wakikutana na mgeni kutoka nje wanaungana. Sisi hatujafikia maendeleo hayo.

Sisi tuna kitu kinaitwa kupokea wageni. Sokoni ikipangiwa kucheza na timu ya nje, sisi wa Stesheni tunaunda kamati. Kamati inakwenda kuwapokea wageni na ngoma, inawatafutia gesti isiyo na kunguni, inawaonyesha beki gani wa Sokoni ana goti bovu, inawachinjia mbuzi. Siku ya mechi tunavaa jezi ya wageni, tunakaa upande wa wageni, tunapiga kelele kuliko wageni wenyewe. Na wao wa Sokoni wanatufanyia hivyo hivyo. Hakuna anayemwita mwenzake msaliti. Ikiisha mechi tunakwenda kunywa supu pamoja, na aliyefungwa analipa.

Na katika mji mzima hakuna aliyepokea wageni kama huyu ambaye baadaye alikuja kuwa mwenyekiti wetu Guangzhou. Yeye ni Sokoni. Mwaka Stesheni ilipocheza na timu kutoka nchi ya jirani, nilimwona kwa macho yangu, amevaa jezi ya wageni, mkono kifuani, anaimba wimbo wa taifa lao. Neno hata moja halijui. Anachezesha mdomo tu, na machozi yanamtoka. Lishike hilo, tutalihitaji.

China nilikwenda kwa sababu jezi za kuuza mjini kwetu zilikuwa zinachuja ukizifua mara ya kwanza. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini kitambaa nakijua kwa kidole. Nikatafuta nauli, nikaenda, nikarudi, nikaenda tena, mwisho nikawa nakaa huko muda mrefu kuliko kwetu. Asubuhi Shahe, kwenye majengo yale ya nguo za jumla, nasukumana na wabeba marobota. Mchana kuwafuata wachapaji waweke nembo na namba. Jioni Dengfeng kula wali. Nilikuwa na laoban wangu, bosi wa duka, mwanamama aliyekuwa akinigombeza kama mwanaye na kunikatia bei kama mkwewe. Sikuwa tajiri. Lakini nilikuwa mtu mwenye kazi yake, na kazi yenyewe ilisimama juu ya kitu kimoja tu: kuruhusiwa kuwa pale. Mtu wa jezi akizuiwa kuingia China hana hata pa kwenda kulia.

Chumba nilipanga na mtu mmoja wa Mombasa, muuza vipodozi, Mwislamu, mtu wa swala na wa maneno. Mpira hakuupenda. Akinikuta nabishana kwenye simu na watu wa kwetu juu ya penalti ya mwaka gani sijui, ananiambia, “Ndugu yangu, nyinyi watu wa bara mwaumwa. Hebu niambie, huyo aliyepiga penalti yu hai?”

“Alishakufa.”

“Basi mwacheni apumzike, wallahi!”

Wa mji wetu pale Guangzhou tulikuwa wengi kiasi cha kuwa na jumuiya, na jumuiya kiasi cha kuwa na mwenyekiti. Alichaguliwa kwa sababu alikuwa na suti na Kichina. Kwenye mgahawa wa dada yetu mmoja pale Dengfeng, ambako ndiko tulikuwa tunakutania, Stesheni walikaa upande wa dirishani na Sokoni upande wa jikoni, na dada alihakikisha haweki vitambaa vya meza vyenye rangi yoyote ile. Alitumia magazeti.

Kisha ukaja msako. Ule mwaka wa michezo mikubwa kule Beijing, na ule uliofuata ukawa mbaya zaidi. Viza zikafupishwa. Aliyekuwa anapata mwaka akapata mwezi. Polisi wakawa wanasimama juu ya daraja la waenda kwa miguu, kwenye milango ya majengo, ndani ya lifti, na neno ni moja: huzhao, pasipoti. Watu wakajifunza kushuka ngazi za nyuma na mabegi kichwani. Kuna waliohamisha vitanda kwenda kulala kwenye maghala.

Viza yako ikikaribia kuisha ulimpa pasipoti wakala akakuongezee. Wakala wetu alikuwa dada wa Kichina mwenye kucha ndefu, aliyeletwa kwenye jumuiya na mwenyekiti mwenyewe. Ukimpa pasipoti, unamuuliza risiti. Anacheka: “Meiyou.” Hakuna. Basi wiki nzima, pengine mbili, unatembea Guangzhou ukiwa mtu halali asiye na cha kuonyesha.

Hapo ndipo mwenyekiti alipokuwa na maana. Kulikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa popote. Polisi wa eneo lile walimfahamu. Alikuwa akinywa nao chai, akiwapelekea korosho. Mmoja wetu akikamatwa bila pasipoti, anapigiwa simu, anakuja na suti yake, anasema huyu ni wetu, namjua, pasipoti yake iko kwa wakala, kesho naileta. Na mtu anaachiwa. Kesho yake inaletwa kweli. Ulifanya kazi utaratibu huo, siwezi kumnyima haki yake. Aliwatoa wengi. Aliwatoa hata wawili wa Stesheni, na wote wawili aliwaimbisha kwanza wimbo wa Sokoni mbele ya kaunta ya polisi. Tulicheka wiki nzima.

Katikati ya hofu hiyo, sisi tukaanzisha mashindano. Kila Jumapili, uwanja wa kukodi wa shule fulani, nchi mbalimbali. Nchi nyingine zilileta timu moja. Sisi tulileta mbili, zote za mji mmoja, Stesheni na Sokoni. Wakenya wakatuuliza, “Manze, kwani Tanzania iko na mji ngapi?” Tukawaambia miji ni mingi, ila yenye mpira ni mmoja.

Nusu fainali tulikutana sisi kwa sisi, na Sokoni wakatufunga. Sitaingia sana huko. Kipa wetu siku hiyo alikuwa Xintang anasimamia kontena la jinzi, tukamweka golini muuza simu ambaye alikuwa anakwepa mpira kama anakwepa polisi. Sokoni wakaenda fainali kukutana na Wanaija.

Jezi za Wanaija nilizitengeneza mimi. Kapteni wao alikuja Shahe, jitu refu lenye sauti ya mchungaji, likaniambia kwa Kiingereza chake, “Kaka, nataka kijani ambacho kikipita jua linaona wivu.” Nikamtafutia. Zilipotoka, akanipa moja bure, namba kumi na mbili, akasema hiyo ni ya shabiki. Nikaiweka chini ya mto. Nilijua nitaivaa lini.

Ijumaa kabla ya fainali, mwenyekiti akaitisha kikao mgahawani. Akasimama katikati, kati ya dirishani na jikoni, mahali ambapo hakuwahi kusimama maishani mwake.

“Ndugu zangu,” akasema, “Jumapili hakuna Stesheni, hakuna Sokoni. Jumapili ni taifa. Tuko ugenini, tunaandamwa, tunatazamwa. Nataka kila mmoja avae bluu. Ni suala la uzalendo.”

Upande wa jikoni wakapiga meza. Upande wa dirishani tukatazamana.

Nikanyoosha mkono. “Mwenyekiti, naomba kuuliza.”

“Uliza, mtani.”

“Huo uzalendo umeingia China lini? Umekuja na kontena lipi?”

Watu wakaanza kucheka. Akatabasamu, lakini nusu.

Nikaendelea, maana mdomo wangu ukishaanza una miguu yake. “Mwaka ule tulipocheza na wageni, mwenyekiti, nani aliwaletea mbuzi mwenye pembe moja? Nani aliimba wimbo wa taifa lao? Uimbe kidogo tusikie, maana siku ile sauti haikutoka.”

Mgahawa ulipasuka. Dada alitoka jikoni na mwiko kuja kuona kuna nini. Hata watu wake wa Sokoni walikuwa wamelala juu ya meza kwa kicheko, kwa sababu wote walikuwepo siku ile na wote wanaujua ule mdomo. Mmoja akaanza kumuigiza, mkono kifuani, midomo inapepea kama ya samaki. Mwenyekiti alisimama palepale katikati. Alisubiri tumalize, kisha akafunga kikao kwa sala.

Nilipomsimulia mwenzangu wa Mombasa, hakucheka. Alikuwa anapanga makopo ya losheni kwenye boksi.

“Huyu ndiye hukutoa kwa polisi?”

“Ndiye.”

“Na pasipoti yako iko wapi?”

“Kwa wakala.”

Akafunga boksi kwa utepe, akaukata kwa meno. “Wewe una akili za mende. Nenda kavae hiyo bluu, Jumatatu uvae utakalo.”

Nikamwambia hajui mpira. Nikamwambia sisi hatuna kisasi kwenye mambo ya mpira, tangu enzi za babu zetu. Nikamwambia nikivaa bluu, watu wa kwetu wataambiwa kwenye simu kabla hata mechi haijaanza, na mama yangu atalala na njaa. Yote hayo niliyaamini, na hata leo naona nilikuwa sahihi kuhusu mpira. Aliyekosea kuhusu mpira si mimi.

Jumapili nikavaa kijani. Sikuwa peke yangu mwanzoni. Tuliahidiana watu saba wa Stesheni. Sita walifika na mashati meupe ya kawaida, wakasema wameona wawe katikati. Nikawapita, nikaenda kukaa na Wanaija. Walinipokea kama waziri. Nikapewa ngoma. Kapteni akanionyesha kwa mashabiki wake: “Huyu ni adui yao wa nyumbani, mtunzeni.”

Ng'ambo ya uwanja mwenyekiti alikuwa na tarumbeta. Kila Sokoni wakigusa mpira anapuliza. Wakapata bao la kwanza, akakimbia na tarumbeta mpaka kwenye kona yetu akanipulizia sikioni. Nikampigia ngoma miguuni. Tukacheka wote wawili, nakuapia. Ukituona ungesema hawa watu wanapendana.

Kipindi cha pili, mabao yakiwa moja moja, mabasi mawili yakasimama nje ya geti.

Wachezaji ndio waliokuwa wa kwanza kuona. Winga wa Wanaija aliacha mpira katikati ya mbio, akaruka ukuta na daluga zake. Wengine wakamfuata. Geti likafungwa. Polisi hawakupiga mtu, hawakutukana. Waliingia kama watu wanaokuja kusoma mita ya umeme. Tukaambiwa tuchuchumae mstari mmoja, kila mtu pasipoti mkononi. Mwenye nayo akakaguliwa, akasimama pembeni. Tuliobaki tukawa mchanganyiko, kijani na bluu, wote tunatazama nyasi.

Mkubwa wao alimtambua mwenyekiti. Wakasalimiana. Akamwambia, na hili nililisikia kwa sababu aliongea polepole kama watu wa huko wanavyoongea na wageni: nionyeshe watu wako.

Mwenyekiti akaanza kupita kwenye mstari. Anamgusa mtu begani, anasema wetu, mtu anainuka. Anamgusa mwingine, wetu. Muuza simu, yule kipa wetu wa kuazima, alikuwa Stesheni mpaka kwenye mifupa na hakuwa na pasipoti. Akaguswa, akainuka. Mimi ndiye niliyekuwa nafuata. Nilishaanza kukusanya miguu nisimame.

Akasimama mbele yangu. Akaniangalia jezi. Akageuka kwa watu wake waliosimama pembeni, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mikutano, “Na huyu jamani? Huyu leo ni mgeni!”

Wakacheka. Nami nikacheka. Kwa nini nisicheke? Nilikuwa namsubiri aniimbishe wimbo wa Sokoni. Nilishaanza hata kuukumbuka ubeti wa kwanza.

Mkubwa wa polisi hakucheka. Aliuliza watu wanacheka nini. Mwenyekiti akamjibu kwa Kichina kwamba huyu si wetu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza, na hiyo mimi nimeshaisamehe. Ndimi za watani huteleza, ningekuwa mimi pengine ningesema vibaya zaidi.

Polisi akanitazama, akamtazama, akauliza tena. Safari hii aliuliza kikazi, kalamu mkononi. Unamjua au humjui?

Kicheko kilishakatika. Mpira ulioachwa ulikuwa unagonga wavu kwa upepo. Watu wake pembeni waliacha kutabasamu. Kuna mmoja alianza kusema, “Mwenyekiti, acha basi…” Na mimi nilikuwa namwangalia usoni, na usoni hapakuwa na mpira. Palikuwa na ule mgahawa. Palikuwa na dada na mwiko wake, na yule aliyeigiza midomo ya samaki.

Ndipo akasema nilichokuambia mwanzo.

Kule tulikowekwa tulikuwa wengi kwenye chumba. Kapteni wa Wanaija alikuwemo. Alinipa nusu ya mkeka wake. Siku nzima alikuwa anarudia swali moja: “Lakini wewe ni ndugu yake?” Nikawa namweleza habari ya kupokea wageni, Stesheni na Sokoni, mbuzi, gesti. Alisikiliza vizuri, mwisho akasema, “Nyinyi mnacheza mchezo mmoja hatari sana kwa watu wasio na karatasi.”

Mwenzangu wa Mombasa ndiye aliyehangaika. Alikwenda kwa wakala. Ofisi imefungwa, kucha ndefu hakuna, simu imezimwa. Msako ulikuwa umewapitia na mawakala. Akaenda mgahawani kumtafuta mwenyekiti. Alimkuta anakula kuku wa ushindi, maana Sokoni walijitangaza mabingwa kwa sababu wapinzani wote walikuwa ndani. Kombe lilikuwa mezani, wamelitilia pilipili.

Mazungumzo yao alinisimulia baadaye, na huyu mtu hajui kutia chumvi, ni Mswahili wa kusema kilichosemwa.

“Mwenyekiti, waniona nimekuja kwa heshima. Mwenzetu yuko ndani. Neno lako moja tu.”

“Atatoka. Mwache ajifunze kidogo.”

“Ajifunze nini?”

“Uzalendo.”

“Viza yake yaisha wiki hii, mzee wangu. Ikiisha akiwa ndani, hakuna wa kumtoa.”

Mwenyekiti akamwambia hilo si suala la Wakenya. Mwenzangu akasema alimtazama akichambua paja, akafikiri labda huyu mtu anatania bado, hawa watu wa bara utani wao haujulikani unaishia wapi. Akangoja amalize. Alimaliza, akanawa, akaondoka na kombe.

Pasipoti yangu ilipatikana, kwenye droo ya wakala, na wenye mamlaka ndio walioipata. Viza ilikuwa imeshakufa. Sikuwalaumu wale polisi wala simlaumu leo aliyepiga muhuri. Mbele yake ilikuwa karatasi na mtu asiyejulikana. Nilirudishwa nyumbani na marufuku ya miaka mitano. Mzigo wangu wa Shahe ulibaki kwa laoban wangu, na duka lake nalo lilivunjwa kupisha jengo jipya kabla sijapata njia ya kumfikia. Miaka mitano ilipoisha, kila mtu mjini kwetu alishajua njia ya kwenda Guangzhou na jezi zilikuwa zinauzwa hadi kwenye maduka ya dawa. Biashara haimngojei mtu. Mimi sasa nina meza stendi ya mabasi. Nauza jezi za wengine wanaoleta. Nauza hata za bluu. Nazikunjua kwa ncha za vidole.

Nimeambiwa nisilikuze jambo. Wazee wa Stesheni wenyewe waliniambia, mpira ni mpira. Yule muuza simu, aliyeinuliwa kwenye mstari, ananiambia kila tukikutana, “Kaka, yaliyopita si yamepita?” Kwake yalipita. Yeye aliguswa bega. Wale sita wa mashati meupe nao wanasema hawakusikia vizuri, walikuwa mbali. Walikuwa mbali kama ulivyo wewe na hiki unachosoma. Na wakala popote alipo, zile kucha Mungu anazijua.

Lakini wote hao ni wadogo. Naandika kwa sababu ya yule mkubwa.

Amerudi. Ana nyumba yenye geti la umeme, ni mwenyekiti tena, safari hii wa kamati ya hamasa ya mji mzima. Sokoni imepata nafasi ya kucheza na timu ya nje, na wiki iliyopita gari la matangazo limepita stendi, yeye mwenyewe ndani na kipaza sauti. Anasema mwaka huu kusiwe na kupokea wageni. Anasema mila ile ni ya kishamba, inatuaibisha. Sote tuvae bluu, Stesheni na Sokoni, kwa sababu ni taifa. Gari likapunguza mwendo mbele ya meza yangu. Akaniona. Akasema kwenye kipaza sauti, stendi nzima inasikia, “Mtani wangu yule pale! Tunajuana siku nyingi! Na yeye safari hii yuko nasi!”

Watu wakanipigia makofi. Tunajuana siku nyingi.

Tangu siku hiyo kila mtu ananiuliza, je, nitashangilia Sokoni? Wapiga debe wananiuliza, mama wa chai ananiuliza, hata mchungaji. Wanadhani naringa. Mimi naweza kuishangilia Sokoni. Wale vijana wanaocheza sasa walikuwa watoto, hawana kosa, na winga wao mmoja kwa kweli anajua mpira. Nimeshajaribu kufikiria nikipiga makofi, na mikono haikukataa.

Ila sivai rangi ninayoombwa na mtu aliyenikana, kabla hajanijibu. Mwenyekiti, kamati yako inakutana Jumamosi kwenye ukumbi wa halmashauri, mkutano wa wazi, mmetangaza wenyewe. Nitakuja, nitakaa kiti cha mbele. Usiniulize habari ya mgahawa. Kama nilikudhalilisha nitakuomba radhi hapohapo mbele ya watu. Usinieleze ile mara ya kwanza, ile ya kicheko. Nataka ile ya pili. Polisi alikuuliza kalamu mkononi, hakuna aliyekuwa anacheka, na ulijua pasipoti yangu iko kwa wakala uliyemleta wewe. Simama, shika kipaza sauti hichohicho, uwaambie watu wa mji huu, wa bluu na wa damu ya mzee: kwa nini ulisema hunijui?